Ea Klina Iliyokuwa Safi Mno

Siku ya Jumamosi, tarehe 16 Agosti 2025, saa mbili asubuhi, Agnetha aliingia katika gereji ya fundi Mwigulu mjini Masumbwe akiwa ameubana mkoba wake kwapani. Ndani ya mkoba mlikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha mlikuwa na kadi ya lori lake. Saa sita mchana, Bwana George, mfanyabiashara wa malori kutoka Kahama, angefika kuichukua kadi hiyo. Agnetha angetia saini karatasi ya mauzo, na lori lingekuwa mali ya mtu mwingine. Hakuwa amepokea hata shilingi moja, lakini neno alikwisha kulitoa mbele ya mashahidi, naye hakuwa mwanamke wa kutoa neno asubuhi na kulimeza jioni.

Lori lenyewe, Fuso ya tani saba yenye kabini ya bluu, lilikuwa limeegeshwa chini ya paa la mabati, mgongoni likiwa bado na mchanga wa ujenzi ambao lilishindwa kuufikisha ulikokuwa ukipelekwa. Agnetha alilitazama mara moja tu, kisha akageuza uso. Kabla ya lori hilo alikuwa mponda mawe kule Nyarugusu. Kwa miaka tisa alikaa chini na nyundo, akipasua mawe ya dhahabu ya watu wengine hadi yakawa madogo kama punje za mahindi, vumbi likimjaa puani, masikioni na katika mikunjo ya khanga. Yeye na mumewe, marehemu Pantaleo, walilinunua lori likiwa limechakaa, wakalifufua kipande kwa kipande. Tangu Pantaleo alipofariki miaka mitatu iliyopita, lori hilo ndilo lililokuwa likimsomesha binti yao Noela katika chuo cha uuguzi. Likiondoka lori, kinachobaki ni nyundo. Agnetha alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na magoti yake yalikwisha kuikataa nyundo.

Ugonjwa wa lori ulianza taratibu. Kwanza lilipoteza wepesi kwenye milima. Kisha likaanza kutoa moshi mweusi, mwanzoni mwembamba, halafu mzito, hadi waendesha bodaboda wakawa wanalipita huku wamezuia pumzi. Siku kumi na moja zilizopita, likiwa na mchanga huo mgongoni, lilifika katikati ya mwinuko ulio nje ya mji, likatetemeka, likazimika. Dereva wake, Luka, alilirudisha chini kinyumenyume kwa breki na kwa sala.

Fundi Mwigulu hakuwa mvivu. Alitoa nozeli zote sita akazipeleka Geita mjini kupimwa. Zikarudi zikiwa nzima. Akapeleka pampu ya dizeli; ikarudi ikiwa nzima. Ndipo akatamka hukumu: injini imechoka, pistoni zimekwisha, ringi zimekwisha. Kununua injini nyingine kulikuwa nje kabisa ya uwezo wa Agnetha. Kwa hiyo Bwana George alipojitokeza na kusema kwamba angechukua fremu na bodi, na injini aipeleke kwenye vyuma chakavu, Agnetha alikubali.

Ieleweke kwamba gereji ya Mwigulu haikuwa mahali pa kutengenezea magari tu. Ilikuwa baraza la wapenda magari. Kama vile watu wengine wanavyogawanyika kwa timu za mpira, hawa waligawanyika kwa injini. Walikaa juu ya matairi mabovu na maboksi ya gia yaliyokufa, wakabishana kuanzia asubuhi hadi jua linapoelekea Bukombe, na hakuna aliyewahi kushindwa. Mkubwa wao alikuwa Mzee Charles, dereva mstaafu aliyeendesha malori ya masafa hadi Kigali na Bujumbura. Alikuwa na tairi lake maalumu ambalo mtu mwingine hakuthubutu kulikalia.

"Shikamoo, Mzee Charles," Agnetha alisalimia.

"Marahaba, mayu. Mwangaluka. Kaa." Alimwita mama na kumtakia asubuhi njema kwa Kisukuma, kisha akaurudia ubishi alipokuwa ameuachia. "Nasema na nitarudia: injini ni ya Mswidi. Scania niliyopewa mimi ilikwenda kilomita milioni moja kabla spana haijaingia ndani ya injini. Milioni moja! Nilizaa watoto wanne, nikawasomesha, nikawaoza wawili, injini haijafunguliwa."

"Mzee, kilomita ulizihesabu wewe au Mswidi?" Mwigulu alidakia, akijifuta mikono kwa kitambaa. "Mimi nampenda Mjapani kwa sababu moja. Kipuri chake unakipata popote. Hapa Masumbwe hata mama muuza vitunguu anaweza kukuonyesha fani belti ya Fuso ilipo. Fuso ikikohoa asubuhi, mchana inacheka."

"Mbona hii hapa haicheki?"

Waliokuwepo walicheka, kisha wakamkumbuka mwenye lori na wakanyamaza ghafla, kila mmoja akatafuta kitu cha kutazama chini.

"Msinyamaze kwa ajili yangu," Agnetha alisema. "Endeleeni. Mgonjwa ni wangu na bado hajafa. Ana saa nne."

Luka, aliyekuwa amekaa kwenye bampa la mbele kama mtu anayelinda maiti ya ndugu, aliinua kichwa. "Mimi nasema uimara haupo kwenye nembo. Upo kwenye mguu wa dereva na kwenye oili. Mpe mtu mbaya gari zuri, ndani ya mwaka mmoja utaliokota kwenye gunia."

"Na malori mapya ya Kichina?" Mwigulu aliuliza kwa uchokozi.

"Hao ni mabwana harusi," Mzee Charles alijibu. "Sisifu bwana harusi kabla ndoa haijatimiza miaka miwili."

Wakati wakicheka, Agnetha alitoa daftari kwenye mkoba. Alikuwa amelileta ili alikabidhi pamoja na kadi, kwa sababu aliona si haki kuuza lori na kubaki na habari zake. Alijifunza kuandika ukubwani, katika darasa la watu wazima linalofanyika jioni kwenye shule ya msingi. Mwalimu alipowaambia waandike mambo ya maisha yao wenyewe, wenzake waliandika barua kwa ndugu. Yeye aliandika lori. Kila oili iliyomwagwa, kila tairi lililobadilishwa, kila tarehe, kwa herufi kubwa zilizosimama wima. Alilifungua kwenye ukurasa wa mwisho na kusoma kwa kidole, polepole, kama mtu anayeaga. "Tarehe 12 Julai. Oili mpya. Ea klina mpya. Luka yupo."

Alisoma mara ya pili. Kisha akauliza, "Fundi Mwigulu, injini ambayo pistoni zimechoka, dalili zake ni zipi? Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu."

"Inakula oili, mama. Inatoa moshi wa bluu. Na inapumua. Ukifungua kifuniko cha oili ikiwa inaunguruma, unasikia upepo unakupiga mkononi: fu, fu, fu."

"Luka, hii inakula oili?"

"Hapana, mama. Tangu tulipoibadilisha, dipu stiki inasoma palepale."

"Na moshi wake ni wa bluu?"

"Mweusi tii."

"Basi tuone kama inapumua."

Mwigulu alijikuna kisogoni. "Hilo sikulitazama. Lakini, mama, nozeli nzima, pampu nzima, kinabaki nini zaidi ya pistoni?"

"Sijui kinachobaki. Ndiyo maana nasema tuone."

Luka aliwasha. Lori liliunguruma kwa sauti nzito ya mtu mwenye mafua, na moshi mweusi ukatambaa hadi nje ya uzio. Mwigulu alifungua kifuniko cha oili. Agnetha akaweka kiganja juu ya tundu, kama alivyomwona Pantaleo akifanya mara nyingi. Alisikia joto, na pumzi ndogo sana, kama ya mtoto mchanga aliyelala. Hakuna fu, fu, fu. Alimwita Mzee Charles, naye akanyanyuka kutoka kwenye tairi lake, jambo lililotokea mara chache, akaweka kiganja chake kikubwa chenye sugu.

Mzee aliacha mkono pale kwa muda mrefu, kisha akamwashiria Luka azime. "Mwigulu," alisema hatimaye, "hii injini ni nzima kuliko mimi."

"Basi moshi mweusi unatoka wapi?"

"Moshi mweusi ni dizeli iliyokosa hewa ya kuungua nayo. Hilo nilifundishwa nikiwa bado sijaoa."

"Na mimi nilifundishwa hilohilo!" Mwigulu alipandisha sauti, kwa sababu sasa heshima yake ilikuwa imeguswa. "Kitu cha kwanza kabisa nilichofungua ni ea klina. Nikaikuta safi. Bado sikuridhika, nikaitoa yote, nikawasha lori bila ea klina. Moshi ukawa uleule. Mzee, tatizo siyo hewa."

"Naomba uniletee niione," Agnetha alisema.

Mwigulu alifungua kopo la ea klina lililo pembeni ya fremu, akaivuta, akamkabidhi. Chujio hilo la hewa lilikuwa kama mtungi mfupi uliozungushiwa karatasi yenye mikunjo mingi. Mikunjo yote ilikuwa myeupe. Watu walisogea, wakaitazama, wakaitikia kwa vichwa: kweli, ni safi. Agnetha aliipigapiga kwenye ukingo wa tairi, akatazama chini. Halikuanguka hata vumbi la kujaza ukucha.

Aliipindua tena na tena.

"Luka, tangu tarehe 12 Julai mpaka ulipokwama, umekwenda Rwamgasa mara ngapi?"

"Wiki moja mara tatu, nyingine mara nne."

"Siku hizi kule machimboni wameweka lami?"

Kicheko kilipasuka. "Lami?" Luka alisema. "Mama, kule hata kuku weupe ni wekundu."

"Basi nisikilizeni," Agnetha alisema, na kicheko kikaisha, kwa sababu aliongea akiwa amesimama. "Nimeponda mawe miaka tisa. Nilikuwa nikivaa khanga safi asubuhi, saa nne imekwisha kuwa rangi ya tofali. Kitu hiki kimekaa mbele ya injini kwenye vumbi hilohilo kwa karibu mwezi mzima, injini inavuta hewa kupitia humu, na kimebaki cheupe kama kilivyotoka kwenye boksi. Ninyi mnakisifu kwa usafi. Mtoto wangu angetoka kucheza jioni bila chembe ya vumbi, nisingemsifu. Ningemuuliza alikuwa wapi."

Mzee Charles alikuwa ameanza kutabasamu upande mmoja wa mdomo.

"Vumbi halikufika hapa," Agnetha aliendelea. "Na kama vumbi halikufika, hewa nayo imefikaje? Kuna mahali imezuiwa kabla ya kuingia kwenye kopo hili."

"Lakini niliwasha bila ea klina, mama," Mwigulu alisema, sasa kwa sauti ya chini.

"Ulipowasha, kifuniko cha kopo ulikiacha wazi?"

"Nilikifunga. Kwa vumbi hili la Agosti, ningewezaje kuacha..." Fundi alikomea hapo. Alikuwa ameelewa: kopo likiwa limefungwa, hewa ilikuwa bado ikipita njia ileile iliyozibwa.

Hakungoja kuambiwa. Alikimbilia lori, akaiacha ea klina mikononi mwa Agnetha na kifuniko cha kopo akakiweka chini, akampigia Luka kelele: "Washa! Piga resi!"

Moshi ulitoka mweusi. Ukatoka wa kijivu. Kisha, mbele ya macho ya watu kumi na zaidi, bomba likabaki likitoa joto tupu linalotetemesha hewa. Sauti ya mafua ikaisha. Injini ikanguruma kwa sauti pana, ya kushiba, na kila Luka alipokanyaga, ilijibu kabla mguu haujamaliza kushuka. Mwanamume mmoja alipiga makofi. Mwigulu alikaa chini mavumbini na kushika kichwa.

"Mama Noela," alisema, "mimi ningekushushia hii injini."

"Ungeishusha. Ungeifungua, ungekuta pistoni nzima, halafu ungeniambia ni muujiza."

Walicheka hadi Mzee Charles akalazimika kushika nguzo. Lakini Agnetha hakuwa na muda wa kucheka sana. Jua lilikuwa linapanda, na Bwana George alikuwa njiani. Alilifuata kwa macho bomba linaloleta hewa kwenye kopo. Lilipanda nyuma ya kabini hadi juu kabisa, mahali ambapo mdomo wake hauonekani, kwa sababu Luka alikuwa na desturi ya kulikunja turubai na kulifunga hapo, kati ya kabini na bodi.

"Luka, panda ufungue turubai."

Luka alipanda, akafungua kamba, akalisukuma turubai pembeni. Walimwona akiinama. Walimwona akivuta kitu kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono miwili.

"Mama," aliita.

Alishuka na kitu kama bakuli la udongo. Kilikuwa cha kijivu, kigumu, na ndani kilikuwa kimechukua umbo la mdomo wa bomba. Mzee Charles alikigonga kwa fundo la kidole, kikalia kama chungu. Lakini pembeni, pale ambapo mpira wa kufungia ulikuwa umebana, palikuwa na nyuzi. Agnetha alizitambua nyuzi hizo kabla hata hajazigusa.

"Ni blanketi la mwalo," alisema.

Kwa msomaji ambaye hajafika machimboni, jambo hili linahitaji maelezo mafupi. Mawe yakishapondwa husagwa katika mashine ziitwazo makarasha, na unga wake huoshwa kwenye mbao zilizoinama ambazo zimetandikwa mablanketi, ili dhahabu inase humo. Hapo ndipo panapoitwa mwalo. Blanketi likichakaa halitupwi. Hukatwa vipande, kipande huloweshwa maji na kufungwa kwenye mdomo wa hewa wa injini ya karasha, ili unga wa mawe usiingie ndani. Jioni kazi inapokwisha, kipande hufunguliwa, husuuzwa na kuanikwa. Kila mtu wa makarasha anajua hivyo, na kwa kuwa kila mtu anajua, hakuna anayekumbuka kumwambia mwenzake.

Agnetha alimpigia simu Juliana, mwenye karasha la Rwamgasa ambako lori lake lilikuwa likipeleka mawe, na akaweka sauti wazi ili wote wasikie.

"Mama Noela! Habari za mgonjwa?" Juliana aliuliza kwa furaha.

"Anaendelea. Juliana, ndugu yangu, nani alilifunga lori langu blanketi?"

"Mimi mwenyewe. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, Luka akaenda kula, akaliacha linaunguruma kwa sababu betri ilikuwa dhaifu. Na lilikuwa limesimama ubavuni mwa karasha! Vumbi lote linaingia humo. Nikalionea huruma. Nikalowesha kipande, nikapanda, nikalifunga vizuri kwa mpira."

"Ilikuwa lini?"

"Wiki ile ya Sabasaba imeisha... siyo Jumatatu iliyofuata? Kwani vipi?"

Jumatatu iliyofuata ilikuwa tarehe 14 Julai, siku mbili baada ya ea klina mpya.

"Blanketi tumelitoa leo, Juliana."

"Leo? Kwani Luka hakulifungua jioni?"

"Luka hakujua kama lipo. Alirudi, akafunga turubai juu yake, akaondoka."

"Yesu na Maria! Mama Noela, mimi nilidhani mtu yeyote mwenye injini anafungua jioni. Sisi tunafungua kila jioni!"

"Najua. Na mimi nimeishi huko, ningefanya kama ulivyofanya. Ulitaka kulilinda. Sina kinyongo, nisikie vizuri: sina kinyongo. Ila kuanzia leo, ukimfunga mtu blanketi, mwambie."

Alikata simu. Mzee Charles alikuwa bado ameshika kile kipande, akikigeuza kwenye mwanga. "Wiki hadi wiki mpaka kikawa tofali," alisema. "Vumbi la Luka na maji ya Juliana. Leo namvulia kofia Mjapani. Amevuta pumzi kupitia tundu la sindano na amebeba mizigo hadi siku ya mwisho." Akasita, kisha akaongeza, "Ingawa Mswidi angefika Krismasi."

"Haya, mzee, haya," Mwigulu alisema, akiinuka na kujikung'uta. "Chukua bao lako."

Saa tano na nusu, Bwana George aliingia na gari lake la kuvutia malori mabovu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Aliposhuka, alisimama na kuinamisha kichwa upande mmoja. Naye alikuwa mpenda magari. Alisikia injini kabla ya kusikia salamu.

"Mbona maiti inaimba?" aliuliza.

Agnetha alimkaribisha, akampa tairi la kukalia, na akamweleza yote mwenyewe, bila kupunguza neno, akamwonyesha na kipande cha blanketi. Kisha akasema, "Neno nililitoa, Bwana George, na sikulikimbia, umenikuta hapa, na kadi ninayo. Lakini niliahidi kukuuzia lori lenye injini iliyokufa. Lori hilo halipo. Hili ni jingine."

George alijifuta jasho shingoni. "Mama Noela, nami niseme la kwangu. Nimetoka Kahama na gari la kuvutia. Kama leo ningenunua, kesho nikakuta hata fremu ina ufa, ungenirudishia?"

Watu walinong'onezana. Swali lilikuwa la haki, na Agnetha alilipokea kama swali la haki. "Nisingekurudishia," alijibu. "Kwa sababu fremu uliikagua mwenyewe, ukalala chini yake nusu saa. Lakini kuhusu injini, sote wawili tulisadiki jambo moja ambalo halikuwa kweli. Mzee Charles, wewe ulikuwa shahidi. Tulikubaliana nini?"

"Fremu, bodi, na injini iliyokufa," Mzee Charles alijibu bila kusita. "Nilikuwa nimekaa hapahapa, nakula muhogo."

"Kuunguruma hata redio inaunguruma," George alisema. "Kilichomshinda huyu ni mlima, na hapa gereji hakuna mlima. Tufanye hivi. Apande mwinuko uleule, na mchanga wake uleule. Akifika juu bila kusimama, mimi nilikuja Masumbwe kuwasalimu tu. Akizimika, unatia saini palepale barabarani."

Luka alimtazama Agnetha kwa hofu. Yeye ndiye aliyekuwa amelirudisha lori kinyumenyume siku ile, na mikono yake haikuwa imesahau.

"Nakubali," Agnetha alisema. "Fundi, rudisha ea klina, funga kifuniko. Nisije nikashinda mlima halafu nikajaza injini vumbi."

Waliingia watatu kwenye kabini: Luka kwenye usukani, Agnetha katikati, George dirishani akiwa ametoa kichwa nje ili auone moshi. Mwigulu na wenzake walipanda juu ya mchanga. Mzee Charles alikataa kupanda juu ya mchanga kwa umri wake, akapakiwa kwenye bodaboda, akafuata nyuma huku akimwamuru dereva wa bodaboda namna ya kubadili gia.

Mwanzo wa mwinuko, Luka alianza kupunguza mwendo.

"Usimwogopee," Agnetha alimwambia polepole. "Ulikuwa unamwendesha mtu aliyekabwa koo. Huyu hajakabwa. Gia ya tatu, na mguu uwe imara."

Luka akaingiza gia ya tatu. Lori liliinama, likapokea uzito, likaanza kupanda. Walipita duka la kwanza. Walipita mahali ambapo mawe waliyowekea matairi siku ile bado yalikuwa pembeni ya barabara. Luka alishika mpini wa gia, tayari kushuka hadi ya pili.

"Liache," Agnetha alisema.

Akaliacha. Mshale wa mwendo ulitetemeka, ukashuka kidogo, ukatulia. Sauti ya injini ilijaa kabini yote. George alirudisha kichwa ndani, akatazama mbele, kisha akatazama mikono ya Agnetha iliyokuwa imetulia juu ya mkoba. Barabara ikalala. Walikuwa juu, kwenye tambarare, na chini yao mji wa Masumbwe ulionekana wote, mabati yake yakimeremeta, na kelele za watu walio juu ya mchanga zikaanza kusikika.

George aliomba wasimame. Akashuka, akaenda nyuma, akafunika bomba la moshi kwa kitambaa chake cheupe kwa muda, akakiangalia kama kina masizi. Alirudi akiwa amekikunja mfukoni.

"Mama Noela, tuongee upya. Hili sasa nalitaka kweli. Nitaongeza."

"Haliuzwi."

"Sijataja kiasi."

"Usikitaje, Bwana George, utajichosha bure."

George alicheka, cheko la mtu aliyeshindwa na kitu anachokipenda. Alitoa karatasi ya mauzo mfukoni, akaichana mara mbili mbele ya watu, akampa mkono. "Basi angalau niendeshe hadi chini, niisikie miguuni."

"Ukiwa abiria, karibu wakati wowote," Agnetha alijibu. "Usukani ni wa Luka. Na hatuendi chini. Fundi wa ujenzi amengoja mchanga wake siku kumi na moja."

Akapanda, akafunga mlango mwenyewe, na lori likaondoka kuelekea mbele. George akabaki pembeni ya barabara akijadiliana na Mzee Charles ni nani kati yao atapanda bodaboda.

Wewe uliyesoma habari hii mpaka hapa, bila shaka unamfahamu mtu mmoja mwenye lori, au trekta, au mashine ya kusaga, ambaye mafundi wamekwisha kumwambia injini imekufa. Usikae nayo peke yako. Mpe aisome, na kama hajui kusoma, msomee wewe, polepole, na umwambie kabla hajauza chochote alifuate bomba la hewa kwa mkono wake mwenyewe hadi mwisho wake wa juu. Akimaliza, naye ampe mwingine.